Kinanda Kinapolalamika: Sikiliza Kabla ya Kufungua



Mpendwa msomaji, makala hii inahusu jambo ambalo halichukui nafasi kubwa darasani lakini humsubiri karibu kila padre kijana parokiani: kinanda kilichoharibika. Mwalimu wa kwaya anakuja ofisini Jumamosi jioni na kusema, "Baba, kinanda kimekufa." Kesho ni sherehe ya kipaimara. Fundi wa vinanda hayupo kijijini, na wa kuaminika pengine yuko Arusha. Katika vigango vya Mbulu na Hanang safari ya namna hiyo ni gharama, na wakati wa masika ni matope pia. Basi kamati inakaa, na uamuzi unaofikiwa haraka ni kununua kingine.

Mara nyingi kinanda hicho hakikufa. Kina vumbi mahali padogo, au adapta dhaifu, au kitufe kimoja kimebonyezwa bila kukusudia. Fedha inayokusanywa kununua kingine ni ya waamini waliouza debe la mahindi, ngano au vitunguu saumu ili kuchangia. Kujua kutofautisha kinanda kilichokufa na kinanda kinacholalamika ni sehemu ya uwakili mwema wa mali ya Kanisa. Wala hakuhitaji kuwa fundi. Kunahitaji masikio, subira na utaratibu.

Vinanda vya aina tatu

Tunaposema "kinanda" tunataja vyombo vitatu tofauti, na kila kimoja kina magonjwa yake.

Cha kwanza ni kibodi ya umeme, ambayo ndiyo tunayoikuta zaidi parokiani siku hizi. Sauti yake hutoka kwenye saketi na spika.

Cha pili ni hamoniumu, yaani kinanda cha upepo kinachokanyagwa kwa miguu. Sauti yake hutokana na ndimi nyembamba za shaba zinazotetemeshwa na hewa.

Cha tatu ni piano, ambayo sauti yake hutokana na nyundo ndogo zinazogonga nyuzi za chuma.

Historia ya Kanisa imechangia kuiweka hamoniumu karibu na altare kuliko piano. Mwaka 1903, Papa Pius X, katika hati yake Tra le sollecitudini kuhusu muziki mtakatifu, alikataza piano kupigwa kanisani. Miaka 60 baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Sacrosanctum Concilium uliipa ogani ya mabomba heshima ya pekee, ukaruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa matumizi matakatifu, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa mahalia. Jandokasisi wa leo anaweza kukutana na vyombo vyote vitatu: kibodi kigangoni, hamoniumu ya zamani katika chumba cha kuhifadhia vitu, na piano katika nyumba ya malezi au ukumbi wa shule. Ndiyo maana tutavigusa vyote.

Maswali matano kabla ya bisibisi

Daktari mzuri humuuliza mgonjwa kabla ya kumpima. Kinanda nacho kina majibu, ukijua cha kukiuliza.

1. *Ni noti moja, noti kadhaa, au zote?* Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Noti moja ikiwa na shida, tafuta kitu kidogo: vumbi, kibonyezo kilichokwama, ulimi mmoja wa shaba, nyundo moja. Noti zote zikiwa na shida, usipoteze muda kwenye vibonyezo. Tafuta kinachohudumia vyote: umeme, upepo, spika, pedali.

2. *Ni kila wakati au mara mojamoja?* Kelele inayokuja asubuhi ya baridi na kupotea mchana inahusu unyevu na mbao. Kelele inayokuja waya unapoguswa inahusu waya huo.

3. *Inaanza lini: unapobonyeza, noti inapolia, au unapoachia?* "Tok" wakati wa kubonyeza ni mti au plastiki inayogonga. "Zzz" wakati noti inalia ni kitu kilicholegea kinachotetemeka. Sauti isiyokoma baada ya kuachia inahusu kinachopaswa kuizima.

4. *Ni sauti ya muziki iliyoharibika au kelele ya mashine?* Bonyeza kibonyezo kinanda kikiwa kimezimwa, au hamoniumu ikiwa haina upepo. Ukisikia kelele ileile, basi ni shida ya viungo, si ya sauti.

5. *Nini kilibadilika?* Je, kinanda kilihamishwa? Kulikuwa na harusi? Kuna waya mpya, sola mpya, spika mpya? Mvua ilipenya paa? Jibu la swali hili mara nyingi huokoa saa nzima ya kazi.

Andika majibu kwenye karatasi. Hata ukishindwa kutengeneza, fundi atakayepigiwa simu akiambiwa "noti nne zinazofuatana upande wa kulia hazilii tangu Jumapili, kibonyezo hakikwami" atajua abebe nini. Akiambiwa "kinanda kimekufa," hajui lolote.

Kelele isiyotoka kwenye kinanda

Kabla ya kulaumu chombo, chunguza jengo. Kila kitu kina mtetemo wake wa asili. Noti fulani ikilingana na mtetemo huo, kitu hicho huamka na kuimba pamoja nayo. Kioo cha dirisha kilicholegea, bati lisilopigiliwa vizuri, sahani ya sadaka iliyowekwa juu ya spika, kinara cha mishumaa, hata rozari iliyotundikwa kwenye stendi, vyote vinaweza kutoa mlio unaodhaniwa kuwa ni ugonjwa wa kinanda.

Jaribio lake ni rahisi na linahitaji watu wawili. Mmoja ashikilie noti yenye mlio. Mwingine atembee taratibu, akigusa kwa kiganja kila kitu kilicho karibu. Mlio ukikoma, amekipata. Kama kinanda kinabebeka, kitoe nje mbali na jengo ukipige noti ileile. Mlio ukibaki kanisani, kinanda ni kizima. Kipande cha kadibodi kwenye fremu ya dirisha kinaweza kumaliza kazi yote.

Kibodi ya umeme

Anza na yale ambayo si ubovu kabisa.

*Kinanda "kimepotoka" sauti.* Kwaya inalalamika kwamba wimbo uko juu sana au chini sana, ingawa mpigaji anapiga kama siku zote. Mara nyingi mtu amebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, na kioo kidogo kinaonyesha +2 au -3 badala ya 0. Rudisha kwenye sifuri.

*Kinajizima chenyewe.* Kibodi nyingi za sasa zina mpangilio wa kujizima zikikaa bila kuguswa, mara nyingi kwa dakika 30. Mahubiri yakirefuka na matangazo yakafuata, mpigaji anarudi na kukuta giza. Mpangilio huo unaweza kuondolewa, na kitabu cha maelezo kinaonyesha namna.

*Sauti inaendelea kulia bila kukanyaga pedali, na inakatika ukikanyaga.* Pedali inafanya kazi kinyume. Kibodi nyingi huisoma pedali wakati wa kuwashwa, na kama mguu ulikuwa juu yake wakati huo, hujifunza kinyume. Zima, toa mguu, washa tena. Ikiendelea, huenda pedali ni ya aina isiyoendana na kinanda hicho.

Sasa ubovu wenyewe.

*Kinazima noti kubwa zinapopigwa pamoja.* Hapo umeme hautoshi. Soma lebo iliyo karibu na tundu la umeme. Volti za adapta lazima zilingane na lebo, ampea zake zisipungue zile zilizoandikwa, na alama ya chanya na hasi iwe ileile. Adapta ya redio yenye plagi inayoingia haimaanishi kuwa inafaa. Adapta yenye alama zilizogeuzwa inaweza kuua saketi mara moja.

*Mngurumo mzito usiokoma.* Umeme wetu wa gridi hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo ukipenya kwenye sauti tunasikia "mmmm". Kama kibodi yako inatumia betri, una kipimo bora kuliko vyote. Chomoa adapta, weka betri, sikiliza. Mngurumo ukipotea, chanzo ni adapta au njia ya umeme. Ukibaki, chomoa waya unaoingia kwenye kinanda. Kama spika bado inanguruma, tatizo liko kwenye waya au amplifaya, na kinanda hakina kosa. Mara nyingi kinanda na amplifaya vimechomekwa kwenye soketi mbili za mbali. Vichomeke kwenye ekstensheni moja uone. Mahali penye sola, inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini, nao husikika kama mkwaruzo. Hapo pia betri zitakuonyesha ukweli.

*"Ti-ti-ti, ti-ti-ti" ya ghafla.* Ni simu ya mkononi iliyo karibu na waya au spika. Iondoe. Hii ni sababu nyingine ya kuacha simu mbali na altare.

*Noti moja hailii, au inalia kwa nguvu kupita kiasi hata ukiigusa kidogo.* Huu ndio ugonjwa wa vumbi. Chini ya kila kibonyezo kuna kifuko cha mpira chenye vidonge viwili vyeusi vya kaboni. Kimoja hugusa ubao wa saketi kabla ya kingine, na kinanda hupima muda kati ya miguso hiyo miwili ili kujua umepiga kwa nguvu kiasi gani. Chembe ya vumbi ikiingia, mguso mmoja unapotea, na kipimo kinaharibika.

Hapa namba ya noti zilizokufa inasema mengi. Ikiwa ni moja peke yake, ni vumbi. Ikiwa ni kadhaa zinazofuatana, fikiria kimiminika kilichomwagika au ukanda wa mpira uliohama mahali pake. Ikiwa zimekufa kwa mpangilio, kwa mfano kila ya sita au kila ya nane, usisafishe chochote: ni waya bapa uliolegea au njia iliyokatika kwenye saketi, na hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

Kwa ugonjwa wa vumbi, utaratibu ni huu. Chomoa umeme na toa betri. Laza kinanda kifudifudi juu ya blanketi safi. Fungua skrubu, na kila moja ichomeke kwenye karatasi uliyochora umbo la kinanda, mahali palepale ilipotoka, kwa maana skrubu ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Ukifika kwenye ukanda wa mpira, uinue polepole. Futa vumbi kwa brashi laini kavu. Ubao ufutwe kwa pamba yenye spiriti safi kidogo, ile isiyo na rangi wala mafuta, kisha uachwe ukauke kabisa. Vidonge vya kaboni kwenye mpira visisuguliwe, kwani kaboni ikitoka hairudi. Rudisha ukanda mahali pake bila kuuvuta.

*"Tok" kila unapobonyeza.* Chini ya vibonyezo kuna utepe wa sufu nzito, felti, unaopokea pigo. Ukichakaa au kubanduka, plastiki hugonga plastiki. Utepe mpya wa unene uleule unarudisha ukimya.

*Mkwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti.* Ni vumbi ndani ya kitufe. Kinanda kikiwa kimezimwa, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Ikisaidia kwa muda tu, fundi apulize dawa maalumu ya kusafishia.

Hamoniumu

Hamoniumu haina umeme, kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye mambo mawili: upepo na ndimi.

Jaza mifuko ya upepo kwa miguu, kisha acha kukanyaga bila kubonyeza noti. Mifuko ikishuka polepole, chombo kinapumua vizuri. Ikishuka papo hapo, kuna mahali hewa inapita: kitambaa kimepasuka kwenye mikunjo, gundi imeachia, au panya ametoboa. Tundu dogo huzibwa kwa kipande cha ngozi laini na nyembamba kwa gundi ya mbao. Usitumie utepe wa nailoni wala gundi ya kubandulia viatu. Hukauka na kuwa ngumu, na mikunjo inapasuka pembeni yake.

*Noti moja kimya au yenye sauti ya kukwama koo.* Ulimi wa shaba una uchafu. Nafasi kati ya ulimi na kitako chake ni nyembamba sana, na chembe moja inatosha. Toa ulimi kwa uangalifu, uushike kwenye mwanga, upulize, upitishe brashi laini, uurudishe palepale. Usiukunje wala kuukwaruza kwa kisu: kuondoa shaba kidogo tu kunabadilisha noti yake.

*Noti inayolia yenyewe.* Kila noti ina kifuniko kidogo cha mti chenye ngozi kinachozuia upepo. Noti ikilia bila kuguswa, kifuniko hakijafunga. Inua kibonyezo kwa kidole kutoka chini. Sauti ikikoma, kibonyezo kilikuwa kimevimba au kimebana na jirani yake. Isipokoma, tafuta uchafu chini ya kifuniko au springi iliyochoka.

Neno moja la tahadhari. Mwaka 1859 Ufaransa iliweka kipimo cha noti ya La kuwa mitetemo 435 kwa sekunde, wakati kipimo cha kimataifa cha leo ni 440. Hamoniumu ya zamani inaweza kuwa chini kidogo ya kibodi na isiwe na kosa lolote. Vipigwe kwa zamu, visipigwe pamoja. Usimwite mtu "kuitengeneza" kwa kukwangua ndimi 61 zilizo nzima.

Piano

Piano ni mti mwingi, felti nyingi na chuma kingi. Ina vibonyezo 88 na nyuzi zipatazo 230, na jumla ya mvuto wa nyuzi hizo hufikia takriban tani 18 hadi 20, zikibebwa na fremu ya chuma cha kusubu. Namba hiyo iwe onyo: kuna kazi za mpigaji na kuna kazi za fundi.

Mpigaji anaweza kushughulikia haya.

*"Zzz" kwenye noti fulani.* Ondoa kila kilichowekwa juu ya piano. Bonyeza kwa kiganja kifuniko, bawaba, stendi ya vitabu na mbao za mbele, moja baada ya nyingine, huku mwenzako akipiga noti. Kaza skrubu iliyolegea. Kisha mulika ndani kwa tochi. Sarafu, penseli na pini za karatasi hupenda kulala juu ya ubao wa sauti.

*Kibonyezo kisichorudi juu.* Kisogeze kushoto na kulia. Kama kinabana na jirani, angalia kitu kilichoingia katikati, kama vile nta ya mshumaa. Kama kinarudi ukikiinua lakini nyundo yake inabaki mbele, basi kibonyezo hakina shida. Kinachobana ni kiungo cha nyundo, na mara nyingi ni unyevu. Piano ikikaa siku kadhaa katika chumba kikavu, huenda ikajitengeneza yenyewe.

*Pedali inayolia kama mlango.* Tafuta mahali mti unapogusa chuma au springi inaposugua. Unga wa risasi ya penseli au nta kavu ya mshumaa inatosha. Usitumie mafuta ya kupikia wala ya mashine. Yatavuta vumbi, yatapenya kwenye felti, na hayatoki.

*Noti isiyonyamaza.* Juu ya nyuzi hulala kipande cha mti chenye felti ambacho huinuka unapobonyeza na kurudi unapoachia. Kikipinda, au felti ikiliwa na nondo, noti inaendelea kulia. Ikiwa zote hazinyamazi, angalia pedali ya kulia, huenda imekwama chini.

Kazi za fundi ni hizi. Noti inayosikika "wau-wau-wau" ina nyuzi mbili au tatu ambazo hazilingani tena, na inahitaji kukazwa kwa ufunguo maalumu. Anayejaribu kwa spana anaweza kukata uzi au kuharibu tundu la pini, na pini iliyolegea haishiki tena. Sauti kali kama ya kopo ni felti ya nyundo iliyoshindiliwa na miaka ya kugonga. Nyufa za ubao wa sauti nazo ni za fundi.

Vumbi la Hanang, ukungu wa Mbulu

Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Ndiyo sababu magonjwa ya vinanda vya mbao hufuata majira. Wakati wa masika, na katika miezi ya ukungu na baridi juu kwenye nyanda za Mbulu, tarajia vibonyezo kubana na noti kutorudi. Kiangazi, tarajia skrubu kulegea, milio ya "zzz" na piano kupoteza ulinganifu. Kumbe kabla ya kufungua chochote, tazama nje kwanza. Kinachobana mwezi Aprili huenda kikaachia Agosti.

Upande wa Hanang adui mkubwa ni vumbi. Upepo wa kiangazi katika mashamba ya ngano ya Basotu na nchi iliyo wazi chini ya Mlima Hanang huingiza vumbi laini kila penye upenyo. Kando ya ziwa la chumvi la Balangida, vumbi hilo linaweza kubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kulisha kutu. Kwa kibodi hilo ndilo chanzo kikubwa cha noti kufa.

Kinga yake ni ya bei ndogo. Funika kinanda kwa kitambaa kizito cha pamba kila baada ya Misa, na kitambaa hicho kifuliwe. Usifunike kwa nailoni, maana hufungia unyevu ndani. Usikiweke kwenye ukuta wa nje unaolowa, chini ya dirisha, wala chini ya paa linalovuja. Chombo cha maua kisikae juu ya kinanda hata kwa dakika moja. Betri zitolewe kama kinanda kitakaa wiki kadhaa bila kutumika, kwa kuwa betri iliyovuja hula chuma. Na kwa kuwa panya hupenda felti kwa ajili ya viota, chunguza kwa tochi kila mwezi.

Mipaka, daftari na kalenda

Ujasiri usigeuke kuwa hatari. Usifungue adapta wala amplifaya. Ndani yake kuna vifaa vinavyotunza umeme hata baada ya kuchomolewa, na vinaweza kumdhuru mtu vibaya. Kinanda kilichomwagikiwa maji au soda kisiwashwe "kuona kama kinafanya kazi". Chomoa, toa betri, kigeuze kimiminika kitoke, na kikauke siku kadhaa kabla ya kuguswa tena. Na usibadilishe vitu viwili kwa mara moja. Ukibadilisha adapta na waya kwa pamoja na kelele ikakoma, hujui kipi kilikuwa kibovu, na kibovu hicho kitarudi kazini siku nyingine.

Parokia iwe na daftari dogo linalokaa na kinanda: tarehe, dalili, kilichofanyika, matokeo. Walimu wa kwaya hubadilika na mapadre huhamishwa, lakini daftari hubaki. Baada ya miaka miwili litaonyesha kwamba noti ileile husumbua kila Aprili, au kwamba adapta imebadilishwa mara tatu kwa sababu soketi ndiyo mbovu. Kamati ya fedha ikiombwa kununua kinanda kipya, daftari hilo litaiambia kama cha zamani kimefika mwisho kweli. Wakati mwingine kimefika, na hapo kununua si ubadhirifu.

Liturujia yenyewe inatupa muda wa matengenezo. Katika Kwaresima vyombo vya muziki hutumika tu kusaidia uimbaji, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Ni majira mazuri ya kufungua, kusafisha na kukaza, kazi ikamilike kabla ya Juma Kuu. Tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu hadi ule wa Mkesha wa Pasaka kinanda kitasikika tu pale uimbaji unapokihitaji. Kisha taa zitawaka, kengele zitalia, na kanisa zima litataka kukisikia kwa sauti yake yote. Anayegundua wakati huo kwamba noti tano hazilii amechelewa.

Kwa hiyo, ndugu jandokasisi, ukipelekwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji, muulize mwalimu wa kwaya kinanda kina hali gani, ukae kwenye benchi, upige noti zote moja baada ya nyingine kutoka kushoto hadi kulia, na usikilize. Nawe mwanakwaya, Jumamosi hii fika dakika 15 kabla ya mazoezi ufanye vivyo hivyo. Andika unachosikia, na bisibisi ibaki mfukoni mpaka karatasi yako iwe na majibu matano.